Kwa Maziwa ni Roho, kwa Nyama ni Mbuzi

Na hapana, haijaisha. Asubuhi Njeru alikuwa akifunga kamba za viatu, akaniuliza bila kuinua kichwa kama bado nina hasira kwa ajili ya yule mbuzi. Nikamwambia si hasira. Hasira niliimaliza jana njiani, kabla hata hatujafika Chuka, nilipoongea peke yangu mpaka koo likakauka. Hiki ni kinyaa. Kinakaa kwenye ulimi. Nimepiga mswaki, nimekunywa chai ya tangawizi, na bado kipo.

Leo ni Jumatatu, niko nyumbani kwetu mtaa wa Dallas, hapa mjini Embu. Manyunyu tangu alfajiri. Shati la bluu la mume wangu liko kwenye kamba tangu jana na halikauki, nami kila nikipita dirishani nalitazama na kutabasamu. Yaani nimekuwa mtu wa kutabasamia shati. Ndoa imenifikisha hapa.

Ningependa kuandika kuhusu ndoa peke yake. Jinsi anavyoniachia upande wa kitanda ulio mbali na mlango. Jinsi anavyosema "mke wangu" kwa muuza mboga, bila sababu, ili tu alisikie hilo neno likitoka. Ningejaza ukurasa na nisichoke.

Lakini lazima kwanza nitoe hiki kilicho kooni.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mume wangu na rafiki zake wa shule ya upili wana mchezo wao. Si karata, si drafti. Mnakaa mezani, mmoja wenu anakuwa msimulizi, na wengine kila mmoja ana mhusika wake ndani ya hadithi. Msimulizi anasema mmefika mtoni na daraja limebebwa na maji, mtafanya nini? Unasema unachofanya, unarusha dadu, na dadu inaamua kama umevuka au umelowa. Kuna kitabu kinene cha kanuni, kopi ya kopi, kurasa nyingine zimefifia. Hadithi moja inaweza kwenda miaka. Mhusika wa Njeru, mpiga mishale anayeitwa Baraka, yuko hai tangu wakiwa kidato cha pili.

Wengine hutongozwa kwa maua. Mimi nilitongozwa kwa dadu. Njeru alikuwa akija kwetu Muthara, anakaa kwenye kigoda cha mama, anapanga maharagwe juu ya ungo kunionyesha nani amesimama wapi vitani. Nilimpenda akinieleza jinsi upepo unavyopunguza nguvu ya mshale. Nilikuwa simsikilizi hata kidogo. Nilikuwa natazama mikono.

Baadaye nikaanza kusikiliza, na nikaupenda mchezo wenyewe. Nikapata mhusika wangu, mwanamke mwenye uchawi kidogo wa upepo. Mama aliuliza kama ni mambo ya majini, nikamwambia ni hadithi tu, kama zile alizokuwa akitusimulia tukimenya mahindi. Na kwa kuwa mhusika wangu ana uchawi, kanuni zinamruhusu awe na mwandani. Mwandani ni kiumbe wa kichawi anayefuatana nawe kila mahali. Anachoona unakiona, anachosikia unakisikia. Akiuawa anatoweka, na kesho yake alfajiri unaweza kumwita akarudi. Wengi huchagua bundi. Wengine paka.

Mimi nilichagua mbuzi.

Mbuzi jike, mweupe, sikio moja jeusi. Nilimwita Kagendo, jina la wasichana kwetu, la mtu anayependa kutembea. Nilimchora kwa penseli kwenye karatasi ya mhusika wangu, na Njeru akasema ni mchoro mzuri kuliko yote aliyowahi kuona, jambo ambalo si kweli, na ndiyo maana nikaolewa naye.

Kama nilikosea mahali, ni hapo. Nilipeleka mbuzi kwenye meza ya Wameru, watu wetu wapenda nyama ya mbuzi.

Tunacheza mara moja kwa mwezi, Mikinduri, nyuma ya duka la Mutwiri. Mutwiri anauza nafaka, na ndiye msimulizi. Wengine ni Koome, mwenye shamba la miraa na mdomo usiopumzika, na Salim, mwenye lori la mizigo kule Maua. Jumamosi tulikaa juu ya magunia ya maharagwe kama kawaida. Msafara wetu, ndani ya hadithi, umekwama kwenye pango juu ya mlima, barafu imefunga njia na chakula kimekwisha. Kuna kanuni ya njaa. Kila siku usipokula unapungukiwa nguvu, na zikiisha unaanguka. Baraka wa Njeru ndiye aliyekuwa hali mbaya zaidi, kwa sababu siku iliyotangulia alimpa mhusika wangu mkate wake wa mwisho. Sitasema mengi kuhusu huo mkate. Nikianza sitamaliza.

Kwa hiyo nilikuwa na furaha. Niliona nina cha kumlipa mume wangu. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejisifu kidogo, "Msiwe na wasiwasi. Nina mbuzi. Anakamuliwa. Kila mmoja atapata kikombe."

Mutwiri akafungua kitabu, akapitisha kidole. "Pole, shemeji. Hapa wanasema mwandani ni roho iliyovaa umbo la mnyama. Sasa maziwa ya roho yatashibisha nani? Ni kama kunywa ukungu."

Nilikubali. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nilikubali. Iliniuma kwa ajili ya Baraka, lakini niliona ina maana.

Ndipo Koome akauliza, "Na nyama yake je?"

Mutwiri akafungua kurasa nyingine, za chakula. Akasoma kwamba mnyama yeyote aliyechinjwa hulisha msafara siku nzima. Akarudi nyuma, akasoma tena kwamba mwandani aliyekufa huitwa alfajiri akaja mzima. Akaweka kidole kimoja huku na kingine kule, akainua uso, na macho yalikuwa yanang'aa.

"Jamani," akasema. "Tuna nyama isiyoisha."

"Ngojeni," Salim akasema. "Nani anachinja? Mimi kibudu sili, hata kwenye hadithi."

"Chinja wewe basi, ndio tule wote," Koome akamjibu.

"Lete kisu."

Walicheka mpaka Salim akateleza kutoka kwenye gunia. Mimi pia nilicheka, sekunde chache, nikidhani ni mzaha. Kisha nikaona Mutwiri anaandika.

"Mutwiri," nikasema, "umetoka kusema ni roho."

"Kwa maziwa, ndiyo."

"Na kwa nyama?"

"Kwa nyama ana umbo la mnyama. Umbo ndilo linaloliwa, shemeji."

"Na maziwa yanatoka wapi? Kwenye roho ama kwenye umbo?"

Koome akasema hii sasa imekuwa kesi ya mahakama. Mutwiri akafunga kitabu akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba penye utata neno la msimulizi ndilo la mwisho. Hilo ni kweli. Liko ukurasa wa kwanza na hakuna asiyelijua.

Sitasahau kilichofuata, nami nataka kukisema kama kilivyokuwa.

Kwanza, walimgawa. Koome aligawa kama mtu aliye kwenye mahari, vidole vikichora hewani. Mbavu kwa wageni. Kichwa na miguu ni supu. Ini kwa wenye mji. "Na bega la bibi harusi," akasema, akaninyooshea mkono mtupu kana kwamba ameshika sahani. Siku ya mahari yetu Njeru alinikatia bega la mbuzi, kama ilivyo desturi, mbele ya jamaa za pande zote mbili, na mimi nikala nikilia. Ile ni siku yangu. Koome alikuwepo, alikula, alicheza. Na sasa anaitumia kumgawa Kagendo.

Pili, ile kanuni ya macho na masikio. Kwa kuwa ninasikia anachosikia mwandani wangu, Mutwiri alinisimulia mimi, peke yangu, kisu kikikaribia. Alisimulia vizuri. Ana kipaji, sitamnyima. Alisema ninasikia pumzi ya Salim juu yangu na mawe baridi chini ya shavu. Nikamwambia aache. Koome akasema, "Si ufunge macho, shemeji."

Tatu, na hili si kosa la mtu yeyote, mama Makena, mke wa Mutwiri, akaingia wakati huohuo na sufuria ya supu. Supu ya mbuzi. Ilikuwa imechemka tangu asubuhi kwa sababu tulikuwa wageni, na alikuwa ameiandaa kwa moyo wake wote. Wakaanza kunywa. Wakafyonza mifupa huku wakirusha dadu, dadu zikateleza kwa mafuta, na Koome akanyoosha kidole chake kilicholowa kwenye karatasi yangu kuonyesha ni wapi nifute nguvu za Kagendo. Akaacha doa juu ya sikio jeusi.

Nilisema nina homa kidogo, nikaomba chai.

Nimekulia kwa wafugaji. Nimeshika miguu ya mbuzi akichinjwa Krismasi na sikugeuza uso. Kwa hiyo tusiambiane kwamba mimi ni mtoto wa mjini anayelilia nyama. Mbuzi wa Krismasi hakuwahi kuambiwa asubuhi kwamba yeye ni roho, ili anyimwe sifa ya maziwa yake, kisha jioni akaambiwa ni mnyama ili achunwe. Hakuwahi kuambiwa kwamba kesho atarudi, na keshokutwa, na mimi mwenye kumpenda ndiye nitakayemwita kwa jina kila alfajiri aje kwenye kisu.

Hicho ndicho kinachonitapisha. Wamenifanya mimi niwe kamba yake.

Sasa Njeru.

Wakati wote huu mume wangu alikuwa ameshika kile kitabu anakisoma. Anasoma polepole, midomo ikicheza kidogo. Nilimtazama. Nakiri niliogopa. Baraka alikuwa amebakiza nguvu kidogo sana, na ni Baraka wa miaka yote hiyo, na mbele yake kuna nyama. Nilijiambia kwamba akila nitamsamehe. Halafu nikajiambia sijui kama nitaweza, na hilo likanitisha zaidi kuliko mbuzi.

Mutwiri akamwuliza, "Njeru, kipande chako?"

"Sili."

"Utaanguka, bwana. Usiku huu huu."

"Basi nianguke."

Koome akamwambia ndoa imemharibu. Njeru akasema ndiyo, imemharibu vizuri, kisha akarusha dadu, dadu ikamkataa, na Baraka akaanguka pale pangoni huku wenzake wakijipangusa midomo. Bado hajafa. Amelala bila fahamu, na anahesabiwa siku.

Ee Mungu, nampenda huyu mtu. Nilitaka kumbusu pale pale juu ya magunia, mbele ya Salim.

Tulilala kwa mama, Muthara. Nilimweleza yote akiwa anaosha vyombo, nikitegemea angalau yeye. Akauliza mbuzi ni wa nani. Nikasema ni wa hadithi. Akafikiri.

"Na ukimchinja leo, kesho anarudi mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, huyo mimi ningemchinja."

Nikaenda kulala.

Jana njiani ndipo nilipoongea. Njeru alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikulipenda. Alisema kitabu hakisemi. Amekisoma chote, mbele na nyuma. Ukurasa mmoja unasema roho, mwingine unasema umbo la mnyama, na mwandishi hakufikiria kwamba kutatokea watu wa kuuliza kuhusu nyama. Kwa hiyo Mutwiri hakuvunja kanuni yoyote. Alichagua tu.

"Kitabu hakisemi," nikamwambia, "lakini wewe una mdomo."

Tukafika Runyenjes. Kisha akasema, "Ni kweli. Nilikataa kula, lakini sikuwakataza." Akanishika mkono. Nami nikaanza kulia kama mjinga, kwa sababu hao ni rafiki zake. Mutwiri alimlipia nauli wakati baba yake anaumwa. Koome alimsimamia kwenye harusi yetu. Nikisema sirudi kwenye meza ile, Njeru hatarudi, namjua, na atasema haidhuru, na itamdhuru. Nikirudi, kitu cha kwanza nitakachoombwa, pangoni kukipambazuka, ni kumwita Kagendo.

Sitaki kumnyang'anya mume wangu rafiki zake. Na sitamwita.

Basi leo asubuhi, baada ya Njeru kuondoka kwenda kazini, Koome akatuma ujumbe kwenye kundi letu. "Shemeji usisahau kitoweo mwezi ujao." Na picha ya mbavu zinachomwa.

Kitoweo.

Niliweka simu chini ya mto. Nikaanza kuchagua maharagwe ya mchana, na nadhani ni zile punje chini ya vidole zilizonirudisha kwenye ule ungo na vita vyake, nikaanza kufikiri kama mchezaji badala ya kufikiri kama mtu aliyeumizwa. Mutwiri ana neno la mwisho. Sawa. Basi neno la mwisho na liwe neno moja. Amesema mawili.

Kama Kagendo ni mbuzi, walimchinja na wakamla, na mbuzi aliyeliwa harudi. Amekwenda. Hakuna alfajiri wala kuitwa, na hakuna nyama ya kesho.

Kama Kagendo ni roho, ataitwa na atarudi. Lakini roho haishibishi, Mutwiri mwenyewe ndiye aliyesema. Basi Jumamosi hawakula kitu. Walitafuna ukungu. Zile nguvu walizojiandikia wazifute, na wote wako na njaa sawa na mume wangu aliyelala chini.

Kwa maziwa roho, kwa nyama mbuzi, kwa kurudi roho tena. Hapana. Achague moja.

Njeru alikuja kula mchana, mabega yamelowa. Nilimweleza kabla hajavua koti. Alinisikiliza amesimama, kijiko mkononi, kisha akakaa chini akacheka kicheko kile kirefu ambacho huanza kimya kimya. Akasema miaka yote hiyo ya kucheza hakuna hata mmoja wao aliyemshika Mutwiri hivyo. Nilijisikia mrembo kuliko siku ya harusi, na nilikuwa nimefunga leso kichwani na mikono inanuka vitunguu.

Halafu akaacha kucheka. "Akichagua mbuzi, Kagendo amekufa kabisa. Unajua?"

Nilikuwa sijafika hapo. Nilikuwa nimefika kwenye kushinda tu. Nikaona lile sikio jeusi. Nilimpata tukiwa wachumba, na ndani ya hadithi ile tumetembea naye nchi nzima.

"Najua," nikasema. "Afe mara moja. Nitamlilia mara moja."

"Na Baraka ataamka kwa kula nini?"

"Hilo sijui."

"Hata mimi sijui," akasema, na akala maharagwe yake yote, na akaniomba nimwongezee. Akasema safari hii hatanyamaza. Ataongea kabla yangu. Nikamwambia hapana, ataongea baada yangu, na akakubali. Mume wangu.

Mutwiri, najua unasoma hapa. Mama Makena aliniambia, na aliniambia pia kwamba huwa unasoma kwa sauti mkifunga duka. Basi soma na hii kwa sauti, Koome naye aisikie. Sitahama mezani. Mlinikaribisha vizuri, mmekuwa ndugu za mume wangu kabla mimi sijamjua, na nimeipenda ile hadithi unayoisimulia hata pale iliponitia kichefuchefu. Lakini sitangoja mwezi ujao nikute pango limepambazuka na kisu kimenolewa. Sisi wawili tutakuja Mikinduri kabla mwezi huu haujaisha, siku isiyo ya mchezo, bila dadu. Nitakaa kwenye gunia langu. Utaniambia neno moja, roho au mbuzi, na lolote utakalosema nitalipokea.